“Kuna Mkono wa Mtu”: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Nadharia za Njama za Kisiasa

Kwa miaka mingi nimefundisha mdahalo kwa wanafunzi wa sekondari hapa Dar es Salaam, na jioni hunikuta kwenye kijiwe cha kahawa Magomeni, ambako hoja hazina mwenyekiti wala muda. Maswali haya nimeulizwa kotekote: darasani, kijiweni, ndani ya daladala la Mbagala, na kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wetu. Nimeamua kuyajibu kwa maandishi kwa sababu yanarudi yale yale, na kwa sababu nimeona watu ninaowapenda wakiumizwa na majibu mabovu.

Nadharia ya njama ni nini hasa?

Ni maelezo yanayodai kwamba tukio fulani lilipangwa kwa siri na kundi la watu, na kwamba tunachoambiwa hadharani ni kifuniko tu. Mtaani tunasema kwa kifupi: kuna mkono wa mtu. Mwenye mkono hubadilika kufuatana na msemaji. Kwa mmoja ni mabeberu, kwa mwingine ni Freemason, kwa mwingine Usalama wa Taifa au chama asichokipenda.

Kudai kwamba kuna njama si kosa la kufikiri. Kosa, likiwepo, limo kwenye njia aliyopita mtu kulifikia dai lake, na zaidi kwenye namna anavyolilinda akishalifikia.

Kwa hiyo unataka kusema wakubwa hawapangi njama?

Wanapanga, na anayekataa hilo hajasoma historia yetu. Patrice Lumumba, Waziri Mkuu wa kwanza wa Kongo, aliuawa Katanga, jimbo la kusini mwa nchi hiyo, tarehe 17 Januari 1961. Mwaka 1975 kamati ya Seneti ya Marekani ilieleza kwamba CIA ilikuwa imepeleka sumu Kongo kwa ajili ya kumuua, na mwaka 2001 tume ya Bunge la Ubelgiji ikasema baadhi ya mawaziri wa Ubelgiji wa wakati ule wanabeba dhamana ya kimaadili kwa kifo chake. Huko Tuskegee, Marekani, kuanzia 1932 hadi 1972, wanaume weusi mamia waliokuwa na kaswende waliachwa bila tiba ili madaktari wa serikali waangalie ugonjwa utakavyowala. Kwetu tunaikumbuka EPA, akaunti ya madeni ya nje: shilingi bilioni 133 zilichotwa Benki Kuu kupitia kampuni 22. Tunaikumbuka Richmond, sakata la mkataba wa umeme wa dharura, ambalo ripoti ya kamati teule ya Bunge iliyoongozwa na Harrison Mwakyembe ilimfanya Waziri Mkuu Edward Lowassa ajiuzulu Februari 2008. Na asubuhi ya tarehe 7 Agosti 1998, bomu lililoua watu 11 kwenye ubalozi wa Marekani hapa Dar es Salaam lilikuwa limepangwa na kundi la siri. Hiyo ilikuwa njama kwa kila maana ya neno.

Ziangalie njama hizi kwa pamoja. Kila moja ilikuwa na lengo linaloeleweka: fedha, mtu mmoja wa kuondolewa, jengo moja la kulipuliwa, ugonjwa mmoja wa kuchunguzwa. Ziliacha karatasi, miamala, vipande vya gari, mashahidi. Zilifichuliwa na watu wenye majina na kazi zao: wakaguzi wa hesabu, wabunge, waandishi, wapelelezi, majaji. Nyingine zilichukua miaka michache kujulikana, nyingine miongo. Lakini hakuna hata moja iliyojulikana kwa sababu mtu wa Facebook aliunganisha picha tano kwa mishale myekundu.

Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Si ndivyo wahenga walivyosema?

Ndivyo walivyosema, na bibi yangu aliutumia usemi huo kutuonya tusipuuze minong’ono ya majirani. Lakini utazame ulivyoundwa. Jambo likiwepo, msemaji kashinda. Lisipokuwepo, basi liko njiani, na msemaji kashinda tena. Hakuna siku usemi huu utakaposhindwa. Kama onyo la kuwa macho, unafaa sana. Kama ushahidi, haufai hata kidogo.

Nadharia nyingi za njama zimejengwa hivyo hivyo. Ukiuliza ushahidi uko wapi, unaambiwa umefichwa, na huko kufichwa ndiko kunakothibitisha. Mtaalamu akipinga, kanunuliwa. Mhusika akikanusha, kabanwa. Akikaa kimya, kakiri. Hapo kila kitu kinachoweza kutokea duniani kimeshageuzwa kuwa ushahidi wa upande mmoja, na kitu kinachothibitishwa na kila jambo hakijathibitishwa na lolote.

Nina swali moja ninalowafundisha wanafunzi wangu kabla ya mengine yote. Mwulize msemaji kwa upole: “Ni kitu gani kikitokea, au kikionekana, utakubali kwamba hapa ulikosea?” Anayeshuku kwa haki atakujibu. Atasema: nikiona mkataba wenyewe, au nikisikia ushahidi wa dereva, au hesabu zikikaguliwa. Ambaye hana jibu kabisa hajafanya uchunguzi, hata kama amekesha wiki nzima akisoma.

Nipe mfano mmoja, tuupasue kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Nautoa ule ulioingia nyumbani kwetu. Katikati ya mwaka 2021 ulisambaa ujumbe wenye picha tatu: Pierre Nkurunziza wa Burundi, John Magufuli wetu, na Jovenel Moïse wa Haiti. Chini yake: marais waliokataa chanjo ya korona, wote wamekufa, je, bado hamjashtuka? Shangazi yangu wa Tandale, mwenye kisukari, aliupokea kutoka kwa mtu anayemheshimu, na akaapa hatagusa sindano.

Anza na tarehe, maana tarehe ni rahisi kuzikagua na waongo huzisahau. Nkurunziza alifariki tarehe 8 Juni 2020. Siku hiyo hapakuwa na chanjo yoyote ya korona iliyoidhinishwa popote duniani. Uingereza iliiruhusu ya Pfizer Desemba 2020. Mtu hawezi kuuawa kwa kukataa kitu ambacho hakijaletwa. Picha moja imeanguka.

Nenda kwenye namna walivyokufa. Moïse alipigwa risasi nyumbani kwake tarehe 7 Julai 2021, na kundi la watu wenye silaha ambalo ndani yake walikuwamo wanajeshi wa zamani wa Kolombia. Watu wamekamatwa, na baadhi wamehukumiwa na mahakama ya Marekani. Hiyo ni njama ya kweli, ina watu na ina fedha. Ujumbe ule wa picha tatu uliificha. Mtu akishaamini kwamba ni chanjo, hataki tena kujua nani aliwalipa wale wenye bunduki. Mimi jambo hilo huniuma kuliko uongo wenyewe.

Sasa uliza kuhusu waliokosekana kwenye picha. Andry Rajoelina wa Madagascar aliinadi dawa ya mitishamba ya nchi yake na mwanzoni akakaa mbali na mpango wa chanjo wa COVAX. Hakufa, tena mwaka 2023 alichaguliwa upya. Isaias Afwerki wa Eritrea aliiacha nchi yake bila kampeni ya chanjo wakati majirani wote wakichanja, na akaendelea kutawala. Mtengeneza ujumbe hakuwaweka, kwa sababu picha zao zingeharibu hesabu. Ni sawa na mvuvi wa Feri anayekuonyesha ndoo ya changu watupu na kukuambia baharini hakuna samaki mwingine. Muulize alichokitupa kabla hujafika.

Anabaki Magufuli, ambaye kweli alizitilia shaka chanjo hadharani Januari 2021 na kweli alifariki tarehe 17 Machi. Mtu mmoja. Kwa mtu mmoja huwezi kujenga kanuni, na kati ya kuwa na shaka na chanjo na kufa kuna nafasi kubwa ambayo ujumbe haukuijaza na chochote zaidi ya alama ya kuuliza.

Lakini mwaka 2021 uvumi ndio uliokuwa kweli na serikali ndiyo iliyokuwa inaficha. Unasemaje?

Swali hili ni zito na linastahili jibu la moja kwa moja. Rais alionekana hadharani kwa mara ya mwisho tarehe 27 Februari 2021. Watu wakasema anaumwa. Viongozi wakasema yuko salama na anachapa kazi. Tarehe 17 Machi Makamu wa Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza kwamba amefariki kwa maradhi ya moyo katika Hospitali ya Mzena, hapa hapa Dar es Salaam. Waliokuwa wakiuliza walikuwa na haki ya kuuliza, na ukimya ule uliilipisha nchi imani ambayo haijarudi yote.

Ila tenganisha madai mawili. Dai la kwanza, “Rais ni mgonjwa,” lilikuwa dogo na linapimika. Angetokea siku moja akahutubia, lingekufa. Kila siku aliyokosekana bila maelezo, dai lilipata nguvu kwa haki. Huko ndiko kushuku kwa akili. Dai la pili, kwamba kauawa na mabeberu kwa sababu ya chanjo, lilidandia mgongo wa la kwanza. Wasemaji wake husema: si mnaona tulikuwa sahihi? Walikuwa sahihi kwenye moja, na wanadai risiti ya mbili. Hata ndani ya uvumi wenyewe, waliosema yuko Nairobi na waliosema yuko India hawakuweza wote kuwa sahihi, na tangazo lilipotoka likataja mahali pengine. Uvumi ukigonga penye ukweli mara moja, hesabu pia mara uliporusha nje.

Nani kanufaika? Mimi naanzia hapo.

Ni mahali pazuri pa kuanzia upelelezi na mahali pabaya pa kuumaliza. Mvua kubwa ikinyesha na Jangwani ikajaa maji, barabara inafungwa. Vijana wenye mikokoteni wanawavusha watu kwa fedha. Wanaouza mabuti wanauza. Wote wamenufaika, na hakuna kati yao aliyeleta mvua wala kuufurisha Mto Msimbazi.

Kila tukio kubwa la kisiasa huacha mtu aliyepanda cheo na mtu aliyeshuka. Waziri akifa, mwingine atateuliwa, lazima. Kama kunufaika peke yake ni ushahidi, basi kila mrithi ni muuaji. Kunufaika hukuambia wapi pa kutafuta. Bado unadaiwa uwezo, nafasi, na alama aliyoiacha.

Umeme hukatika kila upinzani wanapohutubia. Nayo ni bahati mbaya tu?

Inawezekana si bahati mbaya. Chukua daftari uhesabu, lakini hesabu mara nne, si mara moja: siku za mkutano umeme ulipokatika, siku za mkutano umeme ulipokuwepo, siku zisizo na mkutano umeme ulipokatika, na siku zisizo na mkutano umeme ulipokuwepo. Kichwa cha binadamu hukumbuka fungu la kwanza tu kwa sababu ndilo linaloudhi. Jumanne ya kawaida umeme ukikatika saa tatu usiku unatafuta mshumaa na kulala. Hakuna anayeiandika Jumanne hiyo.

Nilimpa kijana mmoja wa kijiweni kazi hii kwa miezi miwili. Alirudi na daftari limejaa, akasema mtaani kwao unakatika mara nyingi kiasi kwamba tukio lolote, hata arusi ya dada yake, lingeonekana limehujumiwa. Wengine wakifanya hesabu hiyo wanaweza kukuta mkono kweli. Hapo watakuwa na daftari la kumwonyesha mwandishi wa habari au mbunge.

Tukio kubwa linawezaje kuwa na sababu ndogo? Waziri Mkuu mzima afe kwa ajali ya gari?

Tarehe 12 Aprili 1984 Edward Moringe Sokoine alifariki kwa ajali ya gari mkoani Morogoro, akitokea Dodoma. Wazee wangu walilia kama wamefiwa na baba, na hadi leo wapo wasioweza kukubali kwamba gari tu lilimwondoa mtu aliyekuwa akiwatetemesha wahujumu uchumi.

Naielewa hali hiyo. Moyo unataka sababu ilingane na pengo. Lakini barabara haipimi cheo cha mtu kabla ya kumuua, na wangapi wasio na jina tumewazika kutoka barabara hiyo hiyo? Simzuii mtu kudai kumbukumbu za uchunguzi zifunguliwe, ni haki yake. Ninachokataa ni uzito wa msiba kuwekwa mezani kama kielelezo. Msiba unasema tulimpenda kiasi gani. Hausemi alikufaje.

Kwa nini mtu mmoja huamini hadithi mbili zinazopingana?

Kwa sababu mara nyingi haamini hadithi, anaamini kwamba anadanganywa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kent, Uingereza, walichapisha mwaka 2012 matokeo yaliyonishangaza: waliokuwa tayari zaidi kukubali kwamba Binti Mfalme Diana aliuawa walikuwa pia tayari zaidi kukubali kwamba aliigiza kifo chake na yu hai.

Sikuhitaji kwenda Kent. Gavana wa Benki Kuu, Daudi Ballali, aliondolewa kazini Januari 2008 katika sakata la EPA na akafariki Marekani Mei mwaka huo. Kijiweni nilimsikia mzee mmoja akieleza Jumatatu kwamba kawekewa sumu ili asiwataje wenzake, na Ijumaa akaeleza, kwa uhakika ule ule, kwamba yu hai mafichoni. Nilipomkumbusha, alijibu: “Mwalimu, vyovyote iwavyo, hawatuambii ukweli.” Hilo ndilo lilikuwa dai lake halisi. Na kwa EPA alikuwa na sababu ya hasira. Ila kila dakika tuliyotumia kwenye maficho ya marehemu hatukuitumia kuuliza habari za kampuni 22.

Na Freemason je?

Freemason wapo, Dar es Salaam wana jengo lao mjini, na marehemu Sir Andy Chande, aliyekuwa kiongozi wao Afrika Mashariki, alizungumza na waandishi kuhusu uanachama wake bila kujificha. Wanaoamini kwamba chama hicho ndicho kinachoweka na kuondoa serikali hawajaeleza kwa nini mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, viwanda vya kusaga nafaka vya familia ya Chande mwenyewe vilitaifishwa na Nyerere, naye akaishia kufanya kazi kwenye mashirika ya umma. Mwenye kuiongoza dunia hapokonywi kinu cha unga.

Wanaovuna kwa uvumi huu ni matapeli wanaobandika namba kwenye nguzo za umeme: jiunge, upate utajiri, tanguliza ada ya fomu. Wamewaliza wengi. Ukiona namba hiyo, usipige.

Nimetumiwa barua ya siri ya serikali, ina nembo na muhuri. Bado nishuku?

Ndiyo, ishuku barua kwanza. Muhuri unachongwa mjini kwa bei ya chakula cha mchana, na nembo ya Taifa inapatikana kwa mtu yeyote mwenye simu. Angalia namba ya kumbukumbu, cheo cha aliyesaini kama kipo kweli, tarehe kama iliangukia Jumapili au sikukuu, na Kiswahili chenyewe. Kisha uliza barua imetoka kwa nani mpaka ikakufikia. “Imetoka kwa mtu wa ndani” si jibu.

Barua za kughushi zimewahi kuua. “Itifaki za Wazee wa Sayuni,” zilizodai kuwa kumbukumbu za kikao cha siri cha Wayahudi cha kutawala dunia, zilichapishwa Urusi mwaka 1903. Mwaka 1921 gazeti la The Times la London lilionyesha kwamba zilinakiliwa kutoka kitabu cha Kifaransa cha karne ya 19 kilichomsema mtawala wa Ufaransa na wala hakikuwa na habari za Wayahudi. Hata hivyo Wanazi walizitumia, na hadi leo nakutana na aya zake kwenye simu za vijana wetu, zimetafsiriwa Kiswahili na kubadilishwa jina.

Kwa nini watu wenye akili zao wanaamini?

Si kwa upumbavu. Wakati wa ukoloni watu wa pwani waliogopa mumiani, watu walioaminika kukamata Waafrika usiku na kunyonya damu yao kwa ajili ya dawa. Mwaka 1959 uvumi huo ulizua ghasia Buguruni. Hakukuwa na mumiani. Ila kulikuwa na serikali iliyokamata watu, iliyochukua kodi na nguvu kazi, na ambayo haikumweleza mtu kitu. Hofu ilikuwa ya haki, maelezo ndiyo yaliyokuwa ya uongo. Vivyo hivyo popobawa, jini aliyeaminika kuwashambulia watu usiku, aliwatikisa watu wa Zanzibar mwaka 1995, mwaka wa uchaguzi wa kwanza tangu vyama vingi virudi, wakati jirani alikuwa akimwogopa jirani.

Uvumi huota palipo na hofu na ukimya. Intaneti ilipozimwa siku za uchaguzi wa Oktoba 2025, sauti zisizo na mwenyewe ndizo zilizopita nyumba kwa nyumba, na nani angelaumu watu kuzisikiliza? Mwenye mamlaka anayetaka uvumi upungue aanze kwa kutoa taarifa mapema, zikiwa na majina na namba.

Na huruma hiyo isitufanye tusahau gharama. Oktoba 2016, wilayani Chamwino mkoani Dodoma, watafiti wawili wa udongo na dereva wao waliuawa na wanakijiji waliodhani ni wanyonya damu. Walikuwa wamekwenda kuchukua sampuli za udongo. Kila ninaposikia mtu akisema uvumi haumdhuru mtu, nawakumbuka wale watatu.

Nimjibuje mzazi au ndugu anayeamini haya? Nikimpinga naonekana sina adabu.

Usimpinge kwenye kundi la familia mbele ya watoto na wakwe. Nenda kwake. Kwa shangazi yangu nilikwenda Jumapili baada ya adhuhuri.

“Shikamoo shangazi.”

“Marahaba baba. Umekuja kunichoma sindano?”

“Nimekuja kukusalimu. Ila ule ujumbe wako, naomba tuusome wote. Huyu wa Burundi alifariki lini?”

“Sijui tarehe, lakini si kafa?”

“Kafa, Mungu amrehemu. Tuitafute tarehe pamoja.”

Nilimpa simu aandike yeye. Ikaja Juni 2020. Nikamwuliza chanjo zilianza lini kusikika, akasema mwenyewe, mwishoni mwa mwaka ule, maana anakumbuka redio ilitangaza karibu na Krismasi. Akakaa kimya kidogo. “Sasa huyu aliikataa vipi?” Sikujibu. Tukanywa chai.

Hakubadilika siku ile. Rais Samia alikuwa ameshachanjwa hadharani tarehe 28 Julai, na hata hilo halikumtosha. Alikwenda zahanati miezi miwili baadaye, bila kuniambia, na nilijua kwa kuona cheti juu ya kabati. Ukimpa mtu nafasi ya kuigundua kasoro mwenyewe, hana haja ya kuitetea heshima yake mbele yako. Na anza na unachokubaliana naye: kwamba wakubwa hudanganya, kwamba amewahi kudhulumiwa.

Nikisambaza kwa kuuliza tu, “jamani hii ni kweli?”, nina kosa?

Picha inasafiri, swali lako linabaki. Wa tatu atakayeipokea hataliona. WhatsApp huweka alama ya mishale miwili kwenye ujumbe uliosambazwa mara nyingi, na tangu 2020 ujumbe wa namna hiyo unatumwa kwa mtu mmoja au kundi moja tu kwa wakati. Alama hiyo ikitokea, simama. Wapelekee kwanza wanaokagua habari, kama PesaCheck au JamiiCheck, au mwulize aliyekutumia kaipata wapi. Kumbuka pia kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16, inagusa uchapishaji wa taarifa za uongo.

Je, wewe mwenyewe kuna jambo unalolishuku?

Lipo. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 1961, ndege iliyombeba Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Dag Hammarskjöld, ilianguka karibu na Ndola, katika Zambia ya leo, alipokuwa akienda kutafuta suluhu ya vita vya Katanga. Watu wote 16 waliokuwamo walipoteza maisha, mmoja wao siku chache baadaye hospitalini. Uchunguzi wa serikali ya kikoloni ulimlaumu rubani. Wakazi Waafrika waliosema waliona ndege nyingine angani hawakusikilizwa ipasavyo.

Umoja wa Mataifa ulipolifungua tena suala hilo, aliyekabidhiwa ni Mtanzania, Jaji Mohamed Chande Othman, aliyekuwa Jaji Mkuu wetu. Someni alivyoandika. Hakusema kwamba Hammarskjöld aliuawa. Baada ya kupitia ushahidi mpya alisema inawezekana kwamba shambulio au tishio kutoka nje lilichangia kuanguka kwa ndege. Akaeleza ni ushahidi upi una uzito mkubwa, upi una uzito kidogo, na upi hauna kitu. Akataja mahali ambapo majibu yanaweza kuwa: makabati ya nyaraka za kijasusi na kijeshi za mataifa kadhaa, Marekani, Uingereza na Afrika Kusini zikiwamo. Akaziomba nchi hizo ziteue watu huru wa kuzipekua. Amerudia ombi hilo ripoti baada ya ripoti, na baadhi ya makabati hayajafunguliwa.